Tulidhani ni Uvivu, Kumbe ni Damu

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mficha uchi hazai. Mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi, hasa ninapomhimiza mtu aseme shida yake ili apate kusaidiwa. Lakini yuko binti mmoja, mtoto wa dada yangu, aliyenifunza kwamba methali hiyo ni nyepesi kuitamka kwa mtu mwenye nauli mfukoni. Kwa asiyekuwa nayo, kuficha ndiyo heshima pekee iliyomsalia.

Naandika habari zake kwa idhini yake, bila ya kumtaja jina. Ameniambia niandike kwa sababu mitaani mwetu, kuanzia Likoni hadi Kisauni, na visiwani Lamu vilevile, wako mabinti wengi walio katika hali aliyokuwa nayo yeye, nasi huwapita mlangoni kila siku tukiwaamkia bila ya kuwatazama.

Mpwa wangu aliolewa mwezi wa Agosti mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 19. Harusi ilikuwa ya kupendeza. Tulikodi viti na mahema, tukapika pilau kwa masufuria makubwa, na wanawake wakacheza na kutunzana kwa siku tatu. Mimi nikiwa mjomba nilitoa mchango wangu bila ya kunung'unika, kwani nani angependa kusikia watu wakisema kwamba binti wa fulani aliozwa kimyakimya kama mali ya wizi? Kijana aliyemwoa alikuwa mtu mwema, mwenye kuswali, mfanyaji wa kazi za kibarua. Siku ya kupata kazi alirudi na kitu. Siku ya kukosa alirudi na salamu.

Baada ya miezi michache tukasikia kwamba binti ana mimba. Kila mtu alifurahi. Kisha zikaanza kuja habari nyingine. Dada yangu akaniambia kwamba mwanawe amekuwa mzito. Akiteka maji hupumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Akipanda ngazi moyo humwenda mbio. Mavyaa wake alikuwa akilalamika kwamba mkaza mwana huyu hulala mchana na vyombo havijaoshwa. Wengine walisema ni deko la mimba ya kwanza, na wengine wakasema ni husuda ya siku ya harusi. Akasomewa, akanyweshwa kombe.

Siku moja nilikwenda kumtazama. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, ameegemea ukuta, anatafuna kitu. Nilipomwuliza anakula nini alificha mkono nyuma. Kilikuwa kipande cha udongo.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimba si ugonjwa. Mama yako alikubeba wewe huku akiuza mahamri alfajiri. Acha uvivu."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Sikusimuliwa.

MABIBI WALIIJUA

Mabibi zetu walikuwa na jina la hali ile. Waliiita safura: uso kuvimba, viganja na macho kuwa meupe, pumzi kuwa fupi, na hamu ya kula udongo. Siku hizi hospitalini husema upungufu wa damu. Maana yake ni kwamba chembe nyekundu, zile zinazochukua hewa safi na kuisambaza mwilini, zimepungua au zimedhoofika. Ndiyo sababu mwenye ugonjwa huu huchoka kwa kazi ndogo. Mwili wake unapumua lakini hewa haifiki inakotakiwa. Kwa desturi mwanamke mja mzito huhesabiwa kuwa amepungukiwa na damu ikiwa kipimo chake kiko chini ya 11. Kikishuka chini ya 7, hiyo ni hatari kubwa.

Sababu zake hapa pwani zajulikana. Ya kwanza ni chakula kisichokuwa na madini ya chuma ya kutosha. Ya pili ni malaria, ambayo huvunja chembe za damu. Ya tatu ni minyoo ya safura, inayoingia kwa nyayo za miguu na kwenda kufyonza damu matumboni. Juu ya hayo yote, mimba yenyewe hudai damu zaidi, kwa kuwa ni miili miwili inayolishwa kwa mkono mmoja.

Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya waja wazito walioulizwa walikuwa na mazoea ya kula udongo, na mazoea hayo yalikwenda pamoja na upungufu wa damu na wa chuma. Mwaka 1999 ukachapishwa mwingine wa huko huko Kilifi, juu ya wanawake 1,264 waliokuwa na mimba ya kwanza. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa dawa ya SP ya kuzuia malaria, kama 24 katika kila 100 walipungukiwa vibaya na damu. Miongoni mwa waliopewa, idadi ilishuka hadi kama 15.

Msomaji aangalie hapo: mimba ya kwanza. Vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, na mwili wa mwanamke ambaye hajapata kuzaa haujajifunza kupambana navyo huko. Basi yule tuliyemwambia kwamba anadeka kwa sababu ni mimba ya kwanza, ndiye hasa aliyekuwa katika hatari kuliko mama zake wanaomcheka.

BURE ISIYOKUWA BURE

Huenda msomaji akauliza: kwa nini asiende kliniki, na hali matibabu ya uzazi yalikuwa bure? Swali hilo nami niliuliza, tena kwa ukali.

Tuitazame historia kidogo. Mwaka 1965, muda mfupi baada ya uhuru, serikali iliondoa ada ya wagonjwa wa kutwa katika hospitali zake. Mwaka 1989 ikaleta mpango wa wananchi kuchangia gharama. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zikapunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Tarehe 1 Juni mwaka 2013 ada hizo zikafutwa, na kujifungua katika hospitali za serikali kukatangazwa kuwa bure. Mwaka 2016 ukaja mpango wa Linda Mama. Kwa hivyo mwaka 2018, mpwa wangu alipokuwa mja mzito, mlango ulikuwa wazi.

Na manufaa yalionekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 62 katika kila 100 walizaliwa mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 89. Hayo ni mafanikio makubwa na hayafai kubezwa. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilionyesha pia kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini, akina mama 355 walikufa kwa sababu za uzazi. Mlango u wazi, na bado wako wasiofika mlangoni.

Mpwa wangu alikwenda kliniki mara moja tu. Aliyonieleza baadaye nayaandika kama alivyoyasema.

Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 160. Siku ambazo mumewe hakupata kazi, pesa hizo zilikuwa ni chakula cha nyumba nzima. Alitembea nusu ya njia kwa miguu ili abakishe kitu, akafika saa nne. Buibui lake lilikuwa limechanika kwapani, akaazima la mdogo wake. Alipofika alikaripiwa mbele za watu, kwanza kwa kuchelewa, na pili kwa kukaa na mimba miezi minne ndipo akumbuke kuja. Alitaka kusema kwamba alikuwa akingoja nauli, lakini pale walikuwapo wanawake wa mtaani wanaomjua mumewe. Akanyamaza.

Alipewa vidonge vya chuma bila ya maelezo. Alivimeza asubuhi na chai ya mkandaa, tumbo likiwa tupu, vikamletea kichefuchefu. Kisha choo chake kikageuka rangi kuwa cheusi, akaogopa kwamba vinamdhuru. Akavificha chini ya godoro. Laiti mtu angalimwambia mambo matatu tu: kwamba choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza vidonge hivyo, kwamba kichefuchefu hupungua vikimezwa usiku baada ya kula, na kwamba chai huuzuia mwili kupata chuma, ilhali ndimu au chungwa husaidia. Maneno hayo hayazidi dakika moja.

Na chakula je? Katika nyumba nyingi za kwetu wanaume hula kwanza, kisha wageni, kisha watoto. Mkaza mwana mgeni hula mwisho, na kwa adabu hasemi kwamba kilichobaki ni mchuzi mtupu. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mwezi wa tano na wa sita. Binti alifunga siku zote, ijapokuwa sheria yetu imempa ruhusa mja mzito anayechelea madhara kula na kulipa baadaye. Nilipomwuliza kwa nini alijitesa, alinijibu, "Mjomba, Ramadhani ilikuwa nafuu kwangu. Njaa ile kila mtu alikuwa nayo."

USIKU WA AGOSTI

Uchungu ulimjia mwezi wa Agosti mwaka 2018, kabla ya wakati wake. Walimkawisha nyumbani kwa sababu mbili. Hapakuwa na pesa za gari, na yeye mwenyewe alikuwa amesikia hadithi za wanawake waliozuiliwa wodini kwa deni. Hakujua kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Habari kama hizo hazifiki vichochoroni. Zinazofika ni za kutisha.

Alipoanza kutoka damu ndipo nilipopigiwa simu. Tulimfikisha hospitali usiku wa manane. Daktari kijana alimfunua jicho, akatazama kiganja chake, akatugeukia akasema kwamba damu aliyokwisha kuipoteza si nyingi, lakini huyu hakuwa na damu ya kupoteza. Ni kama mtu wa akiba na mtu asiyekuwa na akiba. Huyu akipotelewa na shilingi mia hucheka. Mwenzake hulala na njaa.

Ikatakiwa damu upesi. Nilikwenda msikitini baada ya swala ya alfajiri, nikasimama nikaeleza. Vijana wawili waliondoka nami pale pale, mmoja hata simjui jina lake mpaka leo. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, kisha kwa damu ya vijana wale, mpwa wangu alipona. Mtoto alikuwa mwanamume, mdogo mno. Aliishi siku tatu. Mimi ndiye niliyemchukua mikononi kwenda kumzika.

Siku hizo tatu nilipiga hesabu ambayo haijanitoka akilini. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara 8. Mara 8 kwa shilingi 160 ni shilingi 1,280. Gari la usiku ule peke yake lilitugharimu shilingi 2,500. Na katika harusi yake, mchango wangu wa viti ulikuwa shilingi 6,000. Niliweza kumkalisha kila jirani juu ya kiti kwa siku moja, na sikumwuliza binti yangu hata mara moja kama ana nauli ya kliniki.

NENO SITARA

Alipopata nguvu nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mjomba, ningekwambia nini? Kwamba mume wangu hana shilingi mia? Nyinyi ndio mlionifunza nimsitiri."

Sikuwa na jibu. Ni kweli. Siku ya harusi somo wake alimwusia, na mimi nilimwusia: siri za nyumba yako zisivuke kizingiti. Ni wasia mwema, nao umezihifadhi ndoa nyingi. Lakini tulimpa wasia huo bila ya kumwachia dirisha. Tukamfanya aamini kwamba kulinda jina la mumewe ni bora kuliko kuilinda roho yake mwenyewe. Na mume naye, maskini, alikuwa akijificha vivyo hivyo, akidhani kwamba mwanamume anayekopa nauli ya mkewe si mwanamume.

Dini yetu haikututaka hivyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kutafuta dawa, na kombe haliuzuii mguu kwenda kliniki. Zaka imewekewa mafungu manane ya wanaostahiki, na wa mwanzo kabisa ni mafakiri na maskini. Imamu wa mtaani kwetu, nilipomweleza habari hizi, alisema kwamba binti asiyekuwa na nauli ya kwenda kutibiwa anaingia humo moja kwa moja, wala haina haja ya fatwa ndefu. Tatizo, alisema, ni kwamba sisi hungoja maskini aje mlangoni Ramadhani kunyoosha mkono, na mabinti hawa hawanyooshi mkono.

MKEBE WA MADRASA

Basi tulifanya jambo dogo. Mwalimu wa madrasa ya wanawake aliweka mkebe chuoni kwake. Kila mwenye harusi mtaani huombwa atie humo kitu kabla ya kukodi viti. Mja mzito anayehitaji nauli humwendea mwalimu kama anayekwenda kudurusu, akapewa. Hakuna daftari la majina wala tangazo. Mwalimu peke yake ndiye ajuaye, na mwalimu hasemi. Hivyo sitara yake inabaki, na mguu wake unafika kliniki.

Mwalimu huyo ameongeza jambo jingine. Baada ya darasa huwatazama mabinti viganja na ukingo wa ndani wa jicho. Akiona weupe hamwambii mtu kwamba ni mvivu. Humwambia aende akapimwe. Huwafundisha pia kwamba mchicha, kunde, mbaazi na dagaa, pamoja na kipande cha ndimu, ni chakula cha damu kilicho karibu na uwezo wetu, na kwamba chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Tena huwataka mavyaa wamtengee mja mzito sehemu yake ya kitoweo kabla ya sinia kutoka jikoni.

Sisemi kwamba mkebe unatosha. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi, na kinasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hayo ni madai yetu kwa serikali ya taifa na za kaunti, wala tusiyaachie. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na mtu hutakiwa kujiandikisha. Kila mzazi na kila mume na ahakikishe kwamba binti ameandikishwa mapema, kabla ya uchungu kumjia. Asiyekuwa na kitambulisho asiachwe akahangaike peke yake, asindikizwe.

Na wahudumu wetu wa afya, ambao wengi wao hufanya kazi ngumu kwa mikono michache, nawaomba jambo moja. Anapokuja binti amechelewa, msimkaripie mbele za watu. Muulizeni amefikaje. Huenda amekuja kwa miguu.

Mpwa wangu alipata mimba ya pili mwaka 2021. Mara hii alianza kliniki kabla ya kutimiza miezi mitatu, akapewa vidonge vya chuma na dawa ya malaria, akalala ndani ya chandarua, na mumewe alimsindikiza mara mbili. Mara nne nauli ilitoka kwa mumewe, mara nne ilitoka mkebeni. Mimi sikujua hayo mpaka aliponieleza mwenyewe juzi, tulipokuwa tukizungumza habari ya makala haya. Alijifungua mtoto wa kike, naye sasa anakimbia uani akiwafukuza kuku.

Kipimo chake cha damu siku ya kujifungua kilikuwa 11 na nukta mbili. Aliniandikia nambari hiyo juu ya kikaratasi, akanipa. Ninacho ndani ya pochi yangu, pale ninapoweka nauli.